Namna ya Kusoma Sheria za Torati Zinazomhusu Mgeni

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeongoza kikundi cha kujifunza Biblia, iwe ni jumuiya ndogondogo, ushirika wa vijana au darasa la Jumapili, ambaye ameombwa aeleze Biblia inaagiza nini kuhusu wageni. Swali hilo hujibiwa vibaya kwa njia mbili. Wapo wanaosoma Mambo ya Walawi 19:34, pale Israeli anapoamriwa kumpenda mgeni kama nafsi yake, wakafunga kitabu wakidhani wamemaliza. Wapo pia wanaosoma Kumbukumbu la Torati 23:3, pale Mmoabi anapozuiwa kuingia katika kusanyiko la Bwana, nao wakafunga kitabu vilevile. Wote wawili wamesoma andiko lililopo kweli, na wote wawili wameiacha sheria yenyewe. Torati ina amri nyingi kuhusu wageni, zilizotolewa kwa watu wa hali tofauti na katika mambo tofauti, na kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuzipanga kabla hajasema neno lolote juu yake.

Kuandaa orodha

Chukua Biblia mbili za tafsiri tofauti, kwa mfano Union Version na Biblia Habari Njema, pamoja na daftari. Ukiwa na itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yanamopatikana, itakusaidia, ingawa haiwezi kuchukua nafasi ya kusoma, kwa sababu itakupa mistari iliyokatwa kutoka mahali pake. Soma Kutoka 12 na 20 hadi 23, Walawi 16 hadi 25, Hesabu 9, 15 na 35, kisha Kumbukumbu la Torati, ukitulia zaidi katika sura ya 10, 14 hadi 16, 23, 24 na 29. Kila unapomkuta mgeni ametajwa, andika sura na mstari, na mbele yake andika mambo matatu: ni mgeni yupi, ni jambo gani linaagizwa, na ni sababu gani imetolewa.

Usishangae orodha ikirefuka. Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, kwenye kitabu cha Bava Metzia, marabi wanataja hesabu ya mara 36 ambazo Torati inatoa onyo kuhusu mgeni, na wengine wao wakasema ni mara 46. Ni vema kujua kwamba wao walimwelewa mgeni huyo hasa kuwa mtu wa mataifa aliyeongoka na kuingia katika dini ya Kiyahudi. Lakini hata anayemwelewa kwa upana zaidi hawezi kupinga kwamba ni amri chache sana za Torati zinazorudiwa mara nyingi kiasi hicho.

Mgeni yupi?

Hapa ndipo masomo mengi yanapoharibika, nasi wasomaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na masikio yetu yamezoea kumsikia mgeni kuwa ni mtu aliyekuja kutembea, anayeandaliwa chakula kizuri kisha akaaga. Mgeni anayetajwa mara nyingi zaidi katika Torati si huyo. Ni mtu ambaye siku yake ya tatu imekwisha kupita zamani: jembe analo mkononi, ila shamba si lake. Amehama kwao kwa njaa, kwa vita au kwa sababu nyingine, anaishi ndani ya malango ya mji wa Israeli, anafanya kazi, ana watoto, na hana ukoo wa kumtetea.

Mtenge huyo na mtu wa nje ambaye hakuhamia, yaani mfanyabiashara anayepita au mtu wa taifa jingine ambaye bado ana kwao. Kumbukumbu la Torati 14:21 linawatofautisha katika mstari mmoja: nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, ambayo Mwisraeli hali, anapewa bure mgeni aliye ndani ya malango, bali mtu wa nje anauziwa. Tofauti ya kupewa na kuuziwa inaonyesha wazi kwamba mmoja ni mhitaji aliye chini ya ulinzi wa jamii, na mwingine ni mtu wa kufanya naye biashara. Kwa kuwa tafsiri zetu mara nyingi huwaita wote wawili mgeni, usitegemee neno pekee. Tazama maneno yanayoandamana nalo. Anayetajwa pamoja na mjane, yatima na Mlawi (mtu wa kabila la Lawi, lililowekwa kwa huduma ya ibada), au anayeelezwa kwamba anakaa kati yenu, ni mhamiaji mkazi. Anayewekwa upande wa pili wa ndugu, hasa katika habari za deni, riba na ufalme, kwa kawaida ni mtu wa nje.

Kundi la tatu ni mataifa yaliyotajwa kwa majina, kama Waamoni, Wamoabi, Waedomi, Wamisri na yale mataifa saba ya Kanaani. Hawa wana historia na Israeli, na sheria zao haziwezi kuhamishiwa kwa kila mgeni. Mtu anayechukua amri ya Kumbukumbu la Torati 7 kuhusu Wahiti, Wagirgashi, Waamori, Wakanaani, Waperizi, Wahivi na Wayebusi, akaitumia dhidi ya majirani zake waliovuka mpaka mwaka jana, ameidhulumu sheria na ameidhulumu familia hiyo pia.

Kwa nini mgeni anawekwa pamoja na mjane

Eleza jambo hili mapema, maana linafungua mengi yanayofuata. Katika Israeli ardhi iligawanywa kwa makabila na koo, na Walawi 25 inaamuru kwamba isiuzwe moja kwa moja. Hata ikiuzwa kwa shida, inarudi kwa ukoo katika mwaka wa Yubile, yaani mwaka wa hamsini. Kwa mfumo huo mtu asiyezaliwa katika ukoo wa Israeli hakuwa na njia ya kawaida ya kumiliki shamba la kudumu, hata awe na bidii kiasi gani. Yatima na mjane walipoteza mtu wa kuwasimamia shambani na barazani, na Mlawi hakugawiwa eneo la kabila. Ndiyo maana wanne hawa wanatajwa pamoja tena na tena, kwa mfano katika zaka ya mwaka wa tatu, ambayo kwa Kumbukumbu la Torati 14:28-29 iliwekwa akiba ndani ya malango ya mji ili wale wakashibe. Umaskini wa mgeni katika Torati una chanzo chake katika mpango wenyewe wa ardhi, nao haukutokana na uvivu wake.

Mavuno, ujira na baraza

Sasa panga orodha yako kwa mambo, na uanze na chakula, kwa kuwa hapo sheria ni ya wazi kiasi kwamba mtoto anaielewa. Someni pamoja Kumbukumbu la Torati 24:19-22 polepole. Mwenye shamba amevuna, akasahau mganda mmoja kondeni. Asirudi kuuchukua, ni wa mgeni, yatima na mjane. Amepiga mzeituni wake. Asiyarudie matawi mara ya pili. Amechuma zabibu, asiokote zilizobaki nyuma. Walawi 19:9-10 inaongeza kwamba pembe za shamba zisivunwe hadi mwisho. Waonyeshe wasikilizaji kwamba hapa hakuna mtu anayegawa chakula mlangoni pake huku wengine wakipanga foleni. Mgeni anaingia shambani, anainama, anaokota masazo kwa mikono yake, na hamshukuru mtu kwa hisani kwa sababu sheria imekwisha kusema kwamba masazo yale ni yake.

Kisha soma mstari wa 14 na wa 15 wa sura hiyo hiyo. Kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe ujira wake siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautazamia ujira huo. Akimlilia Bwana, itakuwa dhambi kwa mwajiri. Kaa hapa muda wa kutosha. Katika kila kikundi wapo watu wanaoajiri vibarua wa kupalilia, mafundi wa siku moja au wasaidizi wa kazi za nyumbani, na baadhi ya hao walioajiriwa wametoka nchi jirani na hawana pa kulalamika wanapoambiwa waje kesho, na kesho wakaambiwa hivyo hivyo. Sheria hii inajua kwamba mgeni ndiye rahisi zaidi kucheleweshewa. Katika maoni yangu hakuna mstari unaofaa zaidi kuanzia somo hili kuliko huu, kwa sababu unamtoa msikilizaji katika hisia za jumla za upendo na kumpeleka kwenye saa ya kulipa.

Kuhusu baraza la hukumu, tumia Kumbukumbu la Torati 1:16, ambapo waamuzi wanaagizwa kuhukumu kwa haki kati ya mtu na ndugu yake na mgeni aliye pamoja naye, na Hesabu 35:15, ambapo miji sita ya makimbilio inamfaa mgeni aliyeua bila kukusudia sawasawa na mzaliwa. Kisha usiruke Walawi 24:10-23, ingawa ni habari inayoumiza. Mwana wa mwanamke Mwisraeli, Shelomithi binti Dibri wa kabila la Dani, ambaye baba yake alikuwa Mmisri, aligombana na Mwisraeli kambini, akalikufuru Jina la Bwana. Aliwekwa kizuizini mpaka hukumu ya Bwana ijulikane, kisha akapigwa mawe. Na katikati ya habari hiyo ndipo panapotamkwa kwamba sheria ni moja kwa mgeni na kwa mzaliwa. Tunapenda kuutaja usemi huo tukiwa na wema akilini, na wema umo. Lakini usawa wa sheria katika Torati unabeba wajibu na adhabu kama unavyobeba ulinzi. Mgeni mkazi anapumzika siku ya Sabato (Kutoka 20:10), na pia anakatazwa kula damu (Walawi 17:10) na kumtoa mtoto wake kwa Moleki, mungu wa kipagani (Walawi 20:2). Mwalimu anayeficha upande huo atakuja kuumbuliwa na msomaji makini wa kikundi chake.

Katika ibada

Hapa mipaka ni ya aina nyingine, na inatosha kutoa mifano michache. Sikukuu ya Majuma na ile ya Vibanda, kwa Kumbukumbu la Torati 16, mgeni anafurahi pamoja na nyumba nzima. Pasaka haiko hivyo: kwa Kutoka 12:43-49 mtu wa nje hali, wala mkaaji wa muda wala mtumishi wa kuajiriwa, bali mgeni mkazi akitaka, wanaume wote wa nyumba yake watahiriwe, ndipo atakapokuwa kama mzaliwa wa nchi. Basi mlango upo, una sharti, na anayeamua kuupitia ni mgeni mwenyewe. Kumbukumbu la Torati 29:10-12 linakwenda mbali zaidi, likimhesabu mgeni, tangu mkata kuni hadi mteka maji, miongoni mwa wanaosimama mbele za Bwana kuingia katika agano.

Soma sababu, usisome amri peke yake

Safu ya tatu ya daftari lako ndiyo yenye uzito kuliko zote. Utakuta sababu zinazorudi: mlikuwa wageni katika nchi ya Misri, ninyi mnajua moyo wa mgeni (Kutoka 23:9), Bwana humpenda mgeni na kumpa chakula na mavazi (Kumbukumbu la Torati 10:18), nchi ni yangu, nanyi ni wageni na wapitaji kwangu (Walawi 25:23). Waombe wanakikundi watafute mahali ambapo Israeli anaagizwa kumtendea haki mgeni kwa sababu mgeni ni mchapakazi, au ana manufaa kwa nchi, au ana tabia njema. Hawatapapata. Haki yake imejengwa juu ya kumbukumbu ya Waisraeli wenyewe na juu ya Mungu anayemiliki ardhi, na kwa hiyo haiyumbi mgeni anapokuwa mtu wa kuudhi.

Mfano mkali zaidi ni Kumbukumbu la Torati 23:7-8. Mmisri asichukiwe, kwa maana ulikuwa mgeni katika nchi yake, na watoto wa kizazi cha tatu waingie katika kusanyiko. Hao ndio watu ambao mfalme wao aliwafanyisha Waisraeli kazi ya matofali na kuamuru watoto wao wa kiume watupwe mtoni. Kumbukumbu ya Misri ingeweza kabisa kutumika kudai kisasi. Sheria inaitumia kumbukumbu hiyo hiyo kukataza chuki.

Mafungu magumu

Yataje wewe kabla hujaulizwa. Walawi 25:44-46 inaruhusu Waisraeli kununua watumwa kutoka mataifa ya jirani na kutoka kwa watoto wa wageni wakaao kati yao, na kuwarithisha wana wao, jambo ambalo sura hiyo inalikataza kwa Mwisraeli. Usilipambe. Sema kwamba andiko linatofautisha hapa kati ya ndugu na mgeni, na kwamba tofauti hiyo inasimama karibu kabisa na Walawi 19:34 bila kuondolewa. Unaweza kuweka kando yake Kumbukumbu la Torati 23:15-16, linaloamuru mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake asirudishwe, bali akae mahali atakapochagua. Lakini weka maandiko yote mawili mezani, usitumie la pili kulizima la kwanza. Sura hiyo ya Walawi, mstari wa 47 hadi wa 54, inaleta pia hali ambayo wengi hawaitarajii: mgeni ametajirika, na Mwisraeli maskini amejiuza kwake. Sheria haimnyang'anyi mgeni mali yake. Inampa jamaa haki ya kumkomboa ndugu yake kwa bei inayohesabiwa kwa miaka iliyobaki hadi Yubile, na mgeni analipwa fedha yake.

Kuhusu riba na deni, Kumbukumbu la Torati 15:3 na 23:20 yanaruhusu kumdai mtu wa nje na kumtoza riba. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba ndugu maskini alikopa ili ale, ilhali mfanyabiashara wa nje alikopa ili apate faida. Naona maelezo hayo yana mantiki, ila yawasilishe kama maelezo, kwa kuwa andiko lenyewe halisemi hivyo.

Kuhusu Wamoabi, sababu iliyoandikwa ni kwamba hawakuwalaki Waisraeli kwa chakula na maji, nao walimwajiri mtabiri Balaamu awalaani. Kisha fungua kitabu cha Ruthu. Mwanamke Mmoabi anaingia katika shamba la Boazi huko Bethlehemu, anaokota masazo kama sheria ya mgeni inavyoruhusu, anaolewa, anamzaa Obedi, baba yake Yese, baba yake Daudi. Kwa upande mwingine, Nehemia 13:1-3 inasimulia jinsi andiko lile la Wamoabi lilivyosomwa na watu wa asili ya kigeni wakatengwa, na Ezra 10 inaeleza jinsi wake wa kigeni walivyoachwa pamoja na watoto wao. Jumuiya ya Ezra ilikuwa ndogo, imetoka uhamishoni, ikihofu kuipoteza ibada yake. Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo mimi nasoma Ruthu na Isaya 56:3-7, pale mgeni aliyeambatana na Bwana anapoambiwa asidhani kwamba atatengwa, kama sauti iliyoielewa safu ya sababu vizuri zaidi. Mwenzako anaweza kuona vingine, na kikundi kizuri kitalistahimili jambo hilo.

Sheria na matendo

Usiwaache wasikilizaji wadhani kwamba Israeli aliyaishi haya yote. Mambo ya Nyakati ya Pili 2:17-18 yanasema Sulemani aliwahesabu wageni wa nchi wakawa 153,600, akawapanga 70,000 kubeba mizigo, 80,000 kuchonga mawe milimani na 3,600 kuwasimamia. Mfalme huyo huyo aliomba, katika 1 Wafalme 8:41-43, kwamba sala ya mgeni atokaye nchi ya mbali isikiwe. Yeremia alisimama langoni pa nyumba ya Bwana kuwaambia wasimwonee mgeni, yatima na mjane, na Malaki 3:5 inawaweka wanaompotoshea mgeni haki yake katika orodha moja na wachawi, wazinzi na wanaoapa kwa uongo. Manabii hawakemei jambo lisilotendeka.

Mfano mmoja unaweza hata kuonekana kwa macho. Mwaka 1871 Charles Clermont-Ganneau aligundua Yerusalemu jiwe lenye maandishi ya Kigiriki kutoka hekalu la siku za Herode, ambalo sasa liko katika jumba la makumbusho la Istanbul. Linamkataza mtu wa taifa jingine kupita ukuta mdogo unaouzunguka ua wa ndani, na linasema atakayekamatwa atakuwa amejiletea kifo mwenyewe. Ukisoma Matendo 21:28-29, ambapo Paulo anashtakiwa kumwingiza Trofimo Mwefeso hekaluni, onyesha picha ya jiwe hilo ikiwa unaweza. Ghasia iliyozuka hapo itaeleweka mara moja.

Kulileta somo nyumbani

Torati haikujua pasipoti wala vibali vya ukaazi, kwa hiyo usidai kwamba inatoa sera kamili ya uhamiaji kwa Tanzania, Kenya au nchi nyingine yoyote. Lakini usiipunguze pia iwe ni ukarimu wa moyoni tu, kwa sababu amri zake zilielekezwa kwa mwamuzi, mwenye shamba na mwajiri. Ikiwa unafundisha karibu na kambi kama Nyarugusu au Kakuma, au katika mtaa ambao una wakimbizi, huenda mmoja wao ameketi katika kikundi chako. Usimfanye kuwa mfano wa somo, wala usimwombe asimulie mateso yake mbele ya watu. Mpe nafasi ya kusoma na kufasiri kama wengine.

Weka Ezekieli 47:21-23 liwe andiko la mwisho. Nabii aliyekuwa uhamishoni Babeli anatangaza mgawanyo mpya wa nchi, na humo wageni waliozaa watoto kati ya Waisraeli wanapigiwa kura pamoja na makabila, kila mmoja akipata urithi wake katika kabila anamokaa. Sheria za masazo na zaka zilitungwa kwa ajili ya mtu asiye na ardhi, na hapa mtu huyo anapewa ardhi. Waambie wanakikundi wapitie orodha zao na kuweka alama kwenye kila sheria ambayo isingehitajika tena kama agizo hilo lingetekelezwa, kisha wajadiliane kuhusu zile ambazo zingebaki, na kwa nini.